Kope Tatu

Kamwene, nesi Lwitiko.
Usisimame, maliza chai yako.
Ni mimi, Desderia wa kule chini ya Nyang'oro,
uliyenishona kope ya kulia mwaka juzi
nikakuambia mkono wako mwepesi
kama wa msuka vikapu vya milulu.

Nimerudi.
Nazo zimerudi.

Tatu. Nimezihesabu kwa maumivu, si kwa kioo:
moja pembeni, upande wa pua,
mbili katikati, zimeegemeana kama wambea kisimani.
Nikipepesa, zinapalilia.

Siku ya kutoa nyuzi nilikuja, utanikumbuka.
Vidonge nilimeza mbele yako
kwa maji ya kikombe chako cha bati.
Ukasema, rudi baada ya miezi mitatu
hata kama huumwi,
hasa kama huumwi.
Miezi mitatu ikafika, alizeti zimeinamisha vichwa,
ndege wa Isimani hawana adabu,
na mimi nilikuwa naona.
Naona, nesi! Mpaka chawa wa kuku.
Nani amwite fundi paa halivuji?

Zilipoanza kuchoma nikasema ni vumbi.
Huku kwetu vumbi ni mwanafamilia, linakula nasi.
Kisha nikasema ni moshi.
Kisha nikaona haya.
Nitamtazamaje yule binti
nimwambie mshono wake umenisaliti?
Na jirani yangu alishasema:
"Si nilikwambia? Wanakata, zinaota. Kope ni sangari."

Basi kila Jumamosi, jua la saa nne,
mjukuu wangu Tumsifu akanilaza kizingitini,
kichwa changu mapajani mwake,
mkononi kibano cha kutolea miba.
"Bibi, usitikisike."
Nyingine zilitoka na mzizi wake.
Nyingine zilikatika,
na iliyokatika ni mbaya kuliko nzima:
ni kisiki cha bua shambani
na wewe uko peku.

Jumamosi iliyopita
nilinyoosha mkono nimpapase shavu, nimshukuru.
Nikashika tongotongo.
Nikafumbua lile jicho jema, nikamwona kinyumenyume,
uso wake umeniinamia kama mbingu:
inzi watatu kwenye kona ya jicho,
wamekaa kama wapangaji waliolipa kodi.
Hakuwafukuza.
Alikuwa amewazoea
kama nilivyowazoea mimi nikiwa na umri wake.

Sikulala.

Asubuhi nilitoboa dumu la lita tano,
nikalitundika kwenye mti karibu na mlango wa choo,
kamba mpaka chini, kijiti cha kukanyaga,
sabuni ndani ya soksi ya marehemu babu yake.
Maji yetu ni ndoo mbili kwa siku, nayajua.
Lakini uso wa mtoto haunywi mengi.
Ng'ombe ndiye mlevi.

Unanimulika sasa. Mimulike, sitikisiki.
Unasema si mshono uliosaliti, wala si mimi peke yangu:
kovu la zamani lipo ndani ya kope,
linaendelea kuvuta polepole,
kama ngozi mbichi iliyowambwa ngomani
inavyojikaza ikikauka.
Unasema tatu si nyingi, ila mboni haihesabu.
Utang'oa leo kwa kibano kilichochemshwa,
na yule bwana wa upasuaji akija kutoka Iringa mjini
aangalie kama nishonwe tena.
Sawa. Nishoneni.
Gauni la kanisani nimelishona mara nne
na bado naingia nalo mbele, benchi la pili.

Andika kwenye daftari lako: Desderia amerudi.
Andika na tarehe ya kurudi tena,
kwa wino mwekundu,
nami nitaifunga kwenye ncha ya khanga pamoja na nauli.
Alizeti zikomae, zisikomae.

Lakini ngoja, usichukue kibano bado.
Sikuja kwa ajili ya hizi tatu.
Zingekuwa zangu tu, ningezikoroma nazo mpaka kaburini.

Tumsifu! Acha kujificha nyuma ya mlango.
Ingia, mwanangu.
Vua kofia, nesi akuone.