Vifungo Vinne

Mgeni kaondoka na boti ya asubuhi, karudi dahalia Unguja,
kaniachia daftari la fizikia lenye mchoro ukurasa wa mwisho
na mfuko wa lailoni wa vitu vidogo nisivyovijua.
"Mama, usitupe. N'takuja kumalizia Ramadhani."
Hiyo ilikuwa Rajabu.

Mie fundi cherehani, hapa Wete, nyuma ya soko,
mwaka wa ishirini na mbili huu nashona sare za watoto wa watu.
Kitu kilichokatwa kisishonwe
hunikera kama kope iliyoingia jichoni.

Usiku wa tatu nikaufungua mfuko.
Bodi ya kijani, ndogo kuliko kibiriti.
Waya wa simu ya zamani, umechunwa ncha.
Batani nne, kila moja miguu minne, kama viti vya mwanasesere.
Na mkebe mtupu wa halua,
bado wanukia iliki.

Mchoro ulisema: rimoti ya gemu.
Mbele, nyuma, kuruka, kupiga.
Na pembeni, kwa mwandiko wake wa haraka:
"Waya mweusi ni ardhi. Zote zirudi huku."
Nikacheka peke yangu. Hilo, mwanangu, nalijua
tangu tulipomzika baba'ko.

Chuma cha lehemu nikaazima kwa Shaame wa simu.
"Bi Mize, unaziba sufuria?"
Nikamwambia naam.

Lehemu si uzi. Uzi hukungoja uukate kwa meno.
Lehemu haingoji: tone likae, ling'ae,
likiganda kijivu limenuna, ulifumue.
Haya, kufumua si ndiyo kazi yangu?
Nimefumua makwapa ya magauni ya maharusi
na wapambaji wamesimama mlangoni.
Nitashindwa na tone la risasi?
Kidole cha shahada kikaungua. Nikakinyonya, nikaendelea.
Umeme ukakatika. Nikalala na waya mkononi.

Usiku wa saba nikafunika mkebe, nikachomeka
kwenye kompyuta ya Mgeni, ile ya kioo kilichopasuka.
Kijana wa kwenye gemu akaruka. Akapiga. Akarudi nyuma. Akaruka,
nami sijagusa kitu.
Nikasema auzubillahi, nikachomoa.

Nikakaa. Nikautazama mkebe.
Mkebe ni bati.
Bati ni waya mpana, basi.
Hilo halikuwemo daftarini. Hilo nimelijua mwenyewe,
saa sita na nusu usiku, na hakuna wa kumwamsha nimwambie.

Nikakata kitambaa cha bitana, nikakigandisha kwa gundi ndani ya mkebe,
kama koti la bwana harusi, zuri upande usioonekana.

Batani zilikuwa ndogo mno kwa vidole vyangu.
Juu yake nikabandika vifungo vya shati lake la darasa la nne:
vitatu vyeupe, cha nne cha bluu,
maana kimoja kilipotea nikashona nilichokipata,
na siku ile alilia mpaka adhuhuri.
Cha bluu ndicho cha kuruka.

Sasa nikishaswali isha nafunga mlango.
Namrusha, anaanguka shimoni. Namrusha, anaanguka.
Mchana watu huja: suruali yangu, Bi Mize?
Nasema kesho. Sijawahi kusema kesho mara tatu kwa suruali moja.

Jana Mgeni kapiga simu.
"Mama, ule mfuko hukuutupa?"
"Upo."
Tukazungumza habari za mtihani, na chakula cha dahalia, na upele.

Kisha nikachukua chuma, nikakipasha,
nikaufumua waya mmoja, ule wa kupiga,
nikauacha unaning'inia.
Alisema atakuja kumalizia.

Wa kuruka sikuugusa.
Nimefika hatua ya tatu.