Hesabu ya Saa Tisa Usiku, Rochdale

Kifua cha Riziki kinapiga mluzi,
birika lililosahaulika jikoni.
Nahesabu pumzi kwa dakika: arobaini na nane.
Nasoma mita ya gesi: pauni mbili na peni kumi.
Namba moja naiombea ishuke, nyingine ibaki.

Dawa hapa ni bure, sitaki kukufuru.
Ila teksi ya hospitali si bure,
wala zamu yangu ya ghalani iliyokwenda na maji,
wala ya jana, wala ya juzi.
Msimamizi kaandika: Pole. Wiki ijayo hatukuhitaji.
Pole hiyo sijui niiunge kwa nini.

Novemba mwenye nyumba alikuja na kopo la rangi,
akaivisha kuvu shela jeupe.
Sasa inachungulia tena pembeni mwa dirisha,
nyeusi, kama mtu anayenidai.

Nampulizia. Nasubiri. Nampulizia tena.
Anafumbua macho, anauliza ile safari ya shule,
ya pauni saba, kama nimeshalipa.
Lala, mwanangu.

Hita nimeiwasha.
Thelathini na tisa.
Pauni moja na peni themanini.
Zote mbili zinashuka.