Soli Haina Ushabiki

Kila Ijumaa baada ya sala wanakuja mezani pangu,
Wete, nyuma ya soko, chini ya bati lenye tundu tatu.
Wanakalia ndoo za rangi, wanaanza vita vyao:
nani alikuwa mchezaji, nani ni picha tu.
Mimi nina uzi mdomoni. Sisemi.

Bakar Shaame atamtaja Shoka. Lazima.
Shoka Kombo wa Mtambwe, winga wa kushoto,
aliyempiga tobo beki wa Mkoani mara mbili kwa pumzi moja,
na beki yule, wanasema, hata leo akisimama foleni
hubana miguu.
Na lile bao! Kila mwaka linasogea nyuma.
Nilipolisikia kwanza lilifungwa ndani ya boksi,
sasa limeshafika katikati ya kiwanja,
nikijaaliwa miaka kumi mingine
litafungwa kutoka Tanga.

Suweid ananyoosha kioo cha simu:
"Mtazame Arkam. Miaka kumi na tisa,
gozi limeganda mguuni, mabeki wanapishana kama vipofu.
Shoka wenu yuko wapi? Nionesheni picha."
Wanabwaga majina kama wabwagavyo dhumna.
"Wa kale walicheza kwa mapenzi."
"Mapenzi hayazuii krosi."
"Hawa wenu wakipulizwa tu, chini!"
"Wale wenu walikabwa na nani? Na vumbi?"

Uzi mdomoni.

Bao la Shoka sikuliona.
Nilikuwa nyuma ya goli, nashona mpira wa akiba;
kelele zilipopasuka nikajidunga kidole.
Kovu ni hili. Picha yangu ndiyo hii.

Lakini daluga zake nilizijua.
Msimu wa karafuu nusu ya kiwanja ilitandikwa majamvi,
wakabanana nusu iliyobaki,
na viatu vikaja kwangu vinanukia kama chai ya harusi.
Jozi moja, miguu minne:
Shoka kipindi cha kwanza, nduguye Mjaka cha pili.
Mjaka alikuwa na mguu mdogo,
akijaza makumbi ya nazi mbele ya vidole.
Nikiyatoa makumbi yale yalikuwa na damu.
Soli ilikuwa imelika mahali pamoja tu,
mguu wa kushoto, ndani, chini ya kidole gumba,
upana wa shilingi.

Juzi, taa za soko zishazimwa, kaja Arkam mwenyewe.
Daluga rangi ya waridi, kiatu cha gundi, hakijui sindano.
Akaniomba kwa sauti ya chini,
maana jozi mpya ni mwani wa mamake wa miezi mitatu,
na hilo kwenye simu ya Suweid halimo.
Nikakigeuza.
Kushoto. Ndani. Chini ya kidole gumba.
Nusu inchi nyuma zaidi, labda,
kwa kuwa nyasi za plastiki hazitelezi
kama tope letu la masika.
Nikaweka kidole changu chenye kovu pale palipolika
nikakaa nacho hivyo, kijana ananitazama,
hajui nimemshika nani.

Leo wamegombana mpaka kahawa imepoa.
"Basi fundi aseme! Yeye kawashonea wote."
Nikautoa uzi.
Nikawaza jozi moja, miguu minne,
na lile doa upana wa shilingi
ambalo miaka yote nimempa Shoka
bila kumuuliza mtu.
Nikasema: "Mjaka."

"Mjaka gani?"
"Yule wa makumbi."

Wakacheka, Bakar na Suweid, wakashikana mabega,
mara ya kwanza tangu niwajue wakiwa timu moja.
Nikarudisha uzi mdomoni,
nikakivuta kiatu cha waridi,
nikatoboa tundu la kwanza.