Mkono wa Kulia

Kwanza nilimtemea mate.
Usishangae: mate ya binadamu, pamba kwenye kijiti,
huondoa ukoko ulioshinda dawa zote za Athene,
wala hayamuumizi.
Shavu moja limenila siku tisa.

Alilala kifudifudi chini ya kitalu cha vitunguu
cha Bi Evdokia, walipokuwa wakichimba mfereji wa bomba.
Vibarua walidhani wamegonga mwamba,
mpaka Pandeli alipopapasa kwenye tope
akagusa sikio,
akatupa sururu kama aliyeungua.

Weupe ulioje, husema wageni mlangoni.
Weupe gani?
Kwenye mkunjo wa vazi, pale patasi ilipozama
na mvua ikasahau kuingia,
darubini imenionyesha chembe ya samawati,
na wekundu mwembamba kama uzi wa upindo.
Huyu alivaa rangi, alijipamba,
pengine hata alizidisha.

Begani ana chuma.
Kuna fundi aliyemtibu zamani, kwa nia njema,
akamtia nondo; nondo ikanywa unyevu,
ikavimba kutu,
ikampasua hadi titini.
Naichomoa unywele kwa unywele, na kila gundi ninayoipaka
naichagua iwe dhaifu kuliko jiwe,
ili atakayekuja kunikosoa
asipate tabu kunifuta.

Mkono wa kulia haupo.
Ofisi inataka maandishi ya kibao, mistari minne:
ni nani, alishika nini.
Profesa Arghiri anasema komamanga.
Mwanafunzi wake anasema kioo,
na tangu hapo hawali meza moja.

Bi Evdokia alikuja na mtindi kwenye bakuli,
akamzunguka mara mbili, mikono nyuma.
"Mkono naujua ulipo," akasema.

Nikamfuata mpaka kwake.
Akaniachia ukuta.
"Babu alikuwa mchoma chokaa. Mwaka wa njaa
mawe ya mlimani yalikuwa mbali, punda ameshaliwa,
na haya ya shambani yalikuwa karibu.
Mengine yalikuwa na vidole.
Yaliungua vizuri, alisema. Yalitoa chokaa laini.
Hakupenda kuulizwa zaidi."
Kila Pasaka wanapaka tabaka jipya juu ya lile la jana.
Nikaweka kiganja. Baridi.
Ndani kulikuwa na redio, na harufu ya kitunguu kikikaangwa.

Nikaandika kibao:
*Mwanamke. Marumaru, zamani yenye rangi.
Mkono wa kulia: nyumba ya tatu baada ya kisima.
Bisha hodi kwanza.*

Ofisi imekirudisha jana, mistari miwili imekatwa,
pembeni wameandika: *haujulikani*.

Sawa.
Leo naanza shavu la pili,
na mdomo umenikauka.