Chuma Hakilowekwi

Aminieli, sogea hapa jikoni,
na hiyo simu itie mfukoni.
Jumanne naingia KCMC, wodi ya macho.
Wiki nzima chapati ni zako,
na chuma hiki ni chako wiki hiyo tu,
usije ukanielewa vibaya.

Sufuria loweka zote ukitaka.
Chuma hakilowekwi.
Kilaze kwenye beseni usiku mmoja,
asubuhi utakuta kimeota kutu
nyekundu kama vumbi la Pasua,
na mimi nitakuwa na bandeji jichoni,
siwezi hata kukufukuza vizuri.

Ukitoa chapati ya mwisho usikimbilie bomba.
Kiache kipoe, lakini kisipoe kabisa,
kipoe kama chai unayoweza kumpa mgeni.
Maji ya moto kidogo, dodoki, basi.
Unga ukigandia, chumvi ya mawe
na nusu kiazi. Zungusha,
zungusha kama mtu asiye na safari.
Sabuni?
Kamuulize Ndeanasia.

Ndeanasia alikuwa binti mzuri, msafi mno.
Siku yake ya tatu alikaa pale penye ndoo
na stili waya na sabuni ya unga,
akasugua tangu adhuhuri
mpaka chuma kikawa cheupe kama jino.
"Mama, nimetoa uchafu wote!"
Miaka kumi na tisa, Aminieli.
Weusi ule ulikuwa ngozi.
Kesho yake chapati arobaini zilinata, zikachanika,
madereva wa bajaji wakala vipande kwa nusu bei
huku wakinicheka.
Sikumfukuza. Aliondoka mwenyewe,
na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nilikinunua Kiboriloni kwa muuza vyuma chakavu,
kwa kilo, kama anayenunua nyanya:
kilo nne na robo, na pengo hili ukingoni.
Kilikuwa kinazuia mlango wa banda usipigwe na upepo.
Aliapa kimetoka jikoni kwa Mgiriki wa kahawa.
Moshi hii kila kitu kizee kimetoka kwa Mgiriki.

Haya, kausha. Kitambaa hakitoshi,
kirudishe kwenye makaa
mpaka tone la mwisho lipige kelele lipotee.
Halafu alizeti. Kidogo!
Paka kama unampaka mtoto wa jirani,
kisha futa kama umeghairi.
Mafuta yakizidi yanakuwa gundi,
na mende wa Majengo wanajua njia.
Kiache kitoe moshi. Ukiuona moshi mwembamba

mimi siuoni.
Nikwambie ukweli, siuoni tangu mwaka juzi.
Nanusa. Inakuja harufu ya karanga mbichi,
halafu ya karanga za kukaanga,
halafu ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi.
Kabla ya hiyo nguo, epua.
Chapati nazigeuza kwa sikio:
upande ukiiva, unga unaacha kulalamika.
Wateja wanasema leo mlima umejifunua wote,
mpaka theluji inaumiza macho.
Kwangu una wingu, mwaka wa pili huu.

Daktari mwenyewe kijana, makamo yako.
Anasema ni dakika ishirini tu,
wanatoa ukungu, wanaweka kioo kipya.
Nikamuuliza: mnasugua?
Akacheka.
Sikuwa natania.

Alhamisi niletee moja.
Ifunge kwenye kitambaa, mfuko wa nailoni unaitoa jasho.
Usiniambie umefanyaje, usijisifu, usijitetee.
Nitaishika. Nitaikunja mara mbili
niskilize inavyokunjika.
Na ukiona nimenyamaza
nipe nyingine.