Sehemu ya Tatu

Shekue ameandika ubaoni: mwakani, Idi Kubwa.
Kalunguyeye atavuka Likoni kwa feri
amtafute nduguye Mtongwe.
Haya.
Nimeshachora miiba mia nne,
na feni ya hapa Kibokoni inanipeperushia karatasi.

Ila Bi Swafiya, aliyekuwa sauti ya nyanya yake,
tulimzika Mfungo Sita.
Zuena anasema, tutafute mwingine, watoto hawatajua.
Watajua.

Jana usiku nikafungua rekodi za zamani:
kikohozi, kicheko, halafu,
“Nipeni maji, wanangu, koo limenikauka.”
Sekunde nne.

Nimefuta ukurasa wa kwanza.
Sasa filamu inaanzia gizani:
mtu anaomba maji,
na Kalunguyeye, kabla ya feri, kabla ya Mtongwe,
anashika kata,
anakwenda kuchota.