Kifaa Bado Kinatumika

Flashi haitaki kutoka.
"Kifaa bado kinatumika," kompyuta yasema
mara ya tano sasa.
"Kinatumiwa na nani?" auliza Nazibrola.
"Humu tumo wawili tu."

Gocha, mchonga mawe ya makaburi, Kutaisi,
ajikuna shingo yenye vumbi la marumaru:
"Chomoachomoa ndiko huharibu picha.
Kwanza tufunge madirisha yote, mama."
Nazibrola anyanyuka,
afunga dirisha la barabarani;
theluji yabaki nje.

Gocha hacheki.
Afunga ya kwake, moja baada ya jingine:
barua, hesabu za herufi, bei za saruji.
Na nyuma ya bei za saruji
yumo Otari, kofia upande,
kaenea skrini nzima.

Kidole cha Gocha ki juu ya kipanya.
"Hilo liache," asema mjane.
"Basi langu ni saa kumi."